Pua, Ngao na Kidole: Jinsi Tycho Brahe Alivyoitumikisha Sura Yake

Mtu akioneshwa kwa mara ya kwanza picha ya Tycho Brahe, mwanafalaki wa Kidenmark wa karne ya 16, iliyochongwa na Jacques de Gheyn, macho yake huganda puani. Kuna mstari unaokatiza mwamba wa pua, na mchongaji hakujaribu kuuficha. Basi hapo ndipo kisa huanza kusimuliwa: tarehe 29 Desemba 1566, mjini Rostock, kijana wa miaka 20 anapigana kwa panga gizani na Mdenmark mwenzake, Manderup Parsberg, na upanga unaondoka na kipande cha pua yake. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake Tycho alivaa pua ya bandia. Kwa karne nyingi watu walisema ilikuwa ya dhahabu na fedha. Kaburi lake huko Prague lilipofunguliwa tena mwaka 2010, wataalamu walichunguza mfupa wenye doa la kijani kando ya tundu la pua, wakakuta mabaki ya shaba na zinki.

Kisa ni kitamu, na simlaumu anayekipenda. Lakini kimeimeza picha nzima. Pua inachukua sehemu ndogo kabisa ya karatasi ile. Zilizobaki zote ni ngao, maandishi, tao la mawe na mkufu wa heshima shingoni, na karibu hakuna anayezisoma. Naona hasara yake ni kubwa, kwa sababu Tycho hakuwa mtu wa kujichongesha ili wajukuu wamkumbuke. Alikuwa mwanafalaki aliyejenga vyombo vyake mwenyewe, na picha zake za kuchapwa alizitumia kama chombo kingine katika karakana ileile: zilikuwa na kazi ya kufanya, na zilikuwa na mtu wa kufanyiwa kazi hiyo.

Tuanze na shida iliyomkabili. Tycho alizaliwa mwaka 1546 katika ngome ya Knutstorp, jimbo la Scania, ambalo wakati huo lilikuwa Denmark na leo ni Sweden. Mwaka 1572 aliona nyota mpya ikiwaka mahali ambapo haikuwako, na kitabu alichoandika juu yake mwaka uliofuata kikamjengea jina. Mwaka 1576 Mfalme Frederick wa Pili akampa kisiwa cha Hven, pamoja na fedha za kujenga. Huko akasimamisha jumba la Uraniborg, na mwaka 1584 akaanza kuongeza Stjerneborg, kituo ambacho vyombo vyake vilifukiwa nusu ardhini ili upepo usivitikise. Darubini ilikuwa bado haijatumika kutazama mbingu. Alitegemea jicho tupu, shaba, mbao na subira, na vyombo vyake bora vilipima mahali pa nyota kwa kosa la takribani dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ulaya nzima haikuwa na mwenzake.

Na hapo ndipo penye ugumu. Ukiwa peke yako mwenye kipimo bora, nani atakuhakiki? Tycho aliposema kwamba nyota yenye mkia ya mwaka 1577 ilipita juu zaidi ya Mwezi, katika anga ambayo wafuasi wa Aristotle waliamini haibadiliki kamwe, msomi wa Oxford au Kassel aliyetaka kupinga hakuwa na ukuta wa Uraniborg wa kupimia. Ilimbidi kuamua kama anamwamini mpimaji. Sifa ya mtu ikawa sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo Tycho alihitaji sura yake isafiri, na isafiri ikiwa imevaa vizuri.

Mchongo wa bamba la shaba ulifaa sana kwa safari hiyo. Mchongaji hukwangua mistari kwenye bamba kwa kalamu ya chuma, wino hupakwa na kufutwa hadi ubaki ndani ya mistari tu, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa mtambo na kuufyonza wino huo. Bamba moja hutoa mamia ya nakala, zote nyepesi, zote za kutia kwenye bahasha au kushonwa ndani ya kitabu. Picha ya rangi ya mafuta hukaa ukutani kwa mwenye nyumba. Ya bamba humfuata mtu usiyemjua mpaka mezani kwake. Kuna jambo moja la kifundi ambalo wapenzi wa pua husahau: bamba hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo bila kujua kama mchongaji aliugeuza mchoro wake kwanza, hakuna anayeweza kuapa kwa picha hii kovu lilikuwa upande gani.

De Gheyn, mzaliwa wa Antwerp wa mwaka 1565, alikuwa bado kijana wa miaka ya ishirini alipopewa kazi hii, mwanafunzi wa Hendrick Goltzius wa Haarlem. Kuna mabamba mawili yanayofanana, na maandishi yanamtaja Tycho akiwa na umri wa miaka 40, mwaka 1586. Mtu mzima, kofia kichwani, masharubu marefu yakining'inia pande mbili za mdomo, amesimama nyuma ya ukingo chini ya tao. Na juu ya tao hilo zimepangwa ngao za koo 16, kila moja na jina lake.

Kumi na sita ni idadi ya mababu wa babu zake na bibi zake ukihesabu vizazi vinne kurudi nyuma. Msomaji wa pwani aliyewahi kukaa sebuleni mwa masharifu, chini ya karatasi ya nasaba iliyotiwa fremu, atalielewa tao lile mara moja. Ni hati ya damu. Linasema hakuna tundu popote katika ukoo huu, upande wa mama wala wa baba, ambamo mtu wa chini alipenya. Na familia yake kweli ilikuwa hivyo: akina Brahe, Bille, Rosenkrantz na wenzao ndio waliokaa katika baraza la ufalme na kushika ngome za nchi.

Wachambuzi wengi huzisoma ngao hizo kama majivuno ya kabaila, wakaishia hapo. Mimi naona zinajitetea. Yasome maandishi ya Kilatini yanayokwenda nazo: yanamtaja kama bwana wa Knutstorp na mwanzilishi wa ngome ya Uraniborg, kisha yanaongeza kwamba ndiye mbunifu na mjenzi wa vyombo vya falaki vilivyomo kisiwani. Mjenzi! Kabaila wa Denmark wa karne ya 16 alipaswa kupigana, kutawala ngome na kumshauri mfalme. Kuchoma shaba, kugawa nyuzi kwenye duara na kukesha na vijana wa wakulima ukiandika namba lilikuwa jambo la mafundi na maprofesa. Wenziwe walimshangaa. Basi akachukua ngao 16 ambazo hakuna aliyeweza kuzipinga, akaziweka juu ya neno ambalo wengi wangelionea aibu. Nguvu ya picha iko katika kuviweka vitu hivyo viwili karatasi moja.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo kila Mdenmark mwenye cheo alilijua alipotazama tao lile. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1570 Tycho aliishi na Kirsten Jørgensdatter, mwanamke asiye wa ukoo wa makabaila. Sheria ya nchi ilimtambua kuwa mke kwa kuwa walikaa pamoja waziwazi, ila mke wa aina hiyo hakupanda cheo, na watoto wake hawakurithi ukabaila wala ngome. Ngao 16 zilizopangwa kwa fahari vile zilikuwa zinakomea kwake. Hakuna hata moja iliyoweza kupita kwa wanawe.

Nadhani ndiyo maana picha nyingine, hii ya kuchorwa na si ya kuchapwa, ilimhangaisha. Katika chumba cha Stjerneborg aliagiza wachorwe wanafalaki wanane kwa kufuatana: Timocharis, Hipparchus, Ptolemy, al-Battani wa Raqqa, Mfalme Alfonso wa Castile, Copernicus aliyeliweka Jua katikati ya ulimwengu, yeye mwenyewe, na wa nane ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Aliitwa Tychonides, mzao wa Tycho, na aya iliyoandikwa pamoja na picha yake ilimtakia astahili babu yake. Huu ndio ukoo aliojitengenezea baada ya ule wa damu kumfungia mlango. Ndani yake Mwarabu, Mgiriki na Mpolandi ni mababu halali, na kinachorithiwa ni vipimo. Sura ya Tycho katika safu hiyo ilielekeza mkono darini, ulikochorwa mpangilio wake wa ulimwengu, na kuuliza kwa Kilatini: Quid si sic? Je, ikiwa ni hivi? Tushike swali hilo, tutakutana nalo tena.

Turudi kwenye karatasi iliyosafiri. Mnamo tarehe 1 Desemba 1590 Tycho alimwandikia msomi wa Kiingereza Thomas Savile, akamtumia nakala nne za sura yake iliyochongwa karibuni Amsterdam. Alituma salamu kwa John Dee na Thomas Digges, wasomi wa hesabu na nyota wa Uingereza, na akaomba kwamba kama Uingereza ina washairi hodari, watunge beti za kuipamba picha hiyo. Barua hii inapendeza kwa jinsi isivyojificha. Mtu anatuma picha yake mwenyewe na kuagiza sifa zake mwenyewe. Wakati huohuo picha inabeba kaulimbiu yake: Non haberi sed esse, kwamba afadhali kuwa kuliko kudhaniwa kuwa. Ukipenda unaweza kumcheka. Lakini mwenye kutegemea imani ya watu wa mbali hakuwa na anasa ya kuwa tu. Ilimpasa adhaniwe pia.

Barua hiyo imezaa hadithi nyingine inayoshindana na pua kwa umaarufu. Miongoni mwa ngao 16 yamo majina Rosenkrans na Guldensteren, na miaka kumi hivi baadaye Shakespeare akawapa wadaku wawili wa mfalme katika Hamlet majina Rosencrantz na Guildenstern. Tamthilia yenyewe inafanyika Elsinore, mji wa ng'ambo tu ya Hven. Je, Shakespeare aliiona picha? Inawezekana, kwa kuwa nakala zilifika London. Lakini hoja hii ni dhaifu kuliko inavyosimuliwa. Koo hizo mbili zilikuwa kubwa na zenye kujulikana, na mwaka 1592 vijana wawili wa Kidenmark wenye majina hayohayo, Frederik Rosenkrantz na Knud Gyldenstierne, walizuru Uingereza wenyewe. Mwandishi aliyetaka majina mawili yenye harufu ya Denmark hakuhitaji bamba la de Gheyn. Na ubaya wa hadithi hii ni uleule wa ile ya pua: inazifanya ngao ziwe fumbo la Kiingereza, wakati zilichongwa kujibu maswali ya Kidenmark.

Picha ya pili ambayo nataka tuikazie macho ni tofauti kabisa. Mwaka 1582 Tycho aliweka ukutani, ndani ya Uraniborg, robo duara ya shaba yenye nusu kipenyo cha karibu mita 2. Ukuta ulifuata mstari wa kaskazini na kusini, na katika ukuta mwingine kulikuwa na tundu dogo ambamo nyota ilionekana ilipokuwa inakatiza mstari huo. Kimo chake kilisomwa kwenye tao, muda ukasomwa kwenye saa. Nafasi tupu ndani ya robo duara aliijaza picha: mchoraji Tobias Gemperle akamchora yeye mwenyewe ameketi, mkono umenyooshwa kuelekea tunduni, mbwa amelala miguuni. Hans van Steenwinckel akachora majengo yaliyo nyuma yake, na Hans Knieper akachora mandhari ya juu. Kisha chombo kizima pamoja na picha yake vikachorwa upya na kuchapwa katika kitabu chake cha mwaka 1598, Astronomiae instauratae mechanica.

Ukiitazama chapa hiyo haraka unamwona Tycho anafanya kazi. Ni jitu, liko katikati, kidole kinaamrisha. Nyuma yake jumba limepasuliwa kama tunda: juu vyombo, katikati maktaba na tufe kubwa, chini tanuri za kemia. Itazame tena. Tycho yule ni rangi juu ya plasta. Hapimi chochote. Watu halisi ni wale wadogo walio mbele ya ukuta: mmoja anatazama saa, mmoja ameinamia meza anaandika, na wa tatu, ambaye ndiye hasa jicho lake liko kwenye kipimo, amebanwa pembeni kabisa mwa karatasi, nusu ya mwili ikiwa nje ya picha. Wamewekewa herufi za maelezo kama zilivyowekewa sehemu za chombo.

Sisemi kwamba Tycho aliwaibia. Alikesha pia, na mbinu za kugawa tao lile na kusahihisha makosa zilikuwa zake. Ila chapa inatuonesha, pengine bila kukusudia, jinsi kipimo cha Hven kilivyopatikana: macho ya wengi, jina la mmoja. Mmoja wa wasaidizi wa miaka ya mwisho alikuwa Christen Longomontanus, mtoto wa mkulima aliyekuja baadaye kuwa profesa Copenhagen. Mwingine alikuwa Willem Blaeu, ambaye familia yake ya wachora ramani wa Amsterdam ilizichapa tena picha za Hven katika atlasi kubwa ya karne ya 17 na kuzisambaza mbali kuliko Tycho alivyoweza. Na kuna ambao hawamo kabisa, hata kwa herufi. Wakulima wa kisiwa walilazimishwa kumfanyia kazi siku mbili kila wiki, nao walinung'unika hadi kwa mfalme. Mawe ya jumba lile lililopasuliwa kwa ustadi hivyo yalipita mikononi mwao.

Inafaa kujua picha hii ilichapwa Tycho akiwa wapi. Frederick alifariki mwaka 1588. Mwanawe, Christian wa Nne, alipotawazwa mwaka 1596 akaanza kupunguza fungu la Hven, na mwaka uliofuata Tycho akaondoka na familia, vyombo vilivyobebeka na mtambo wake wa uchapaji. Kitabu cha 1598 kilichapwa Wandsbek, karibu na Hamburg, katika ngome ya rafiki yake Heinrich Rantzau, na kikatabarukiwa kwa Rudolf wa Pili, Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi. Nakala zilikuwa chache, baadhi zikatiwa rangi kwa mkono, wakapelekewa wakuu. Yaani ile robo duara ya ukutani, isiyoweza kuhamishwa, ilikuwa imebaki nyuma alipokuwa anaitangaza. Kitabu kilikuwa ombi la kazi, na sura yake kubwa iliyonyoosha kidole ilimwambia Kaisari: hiki ndicho utakachonunua. Ngao 16 hazikuhitajika sana kwa mnunuzi huyu. Kwa Rudolf, mkusanyaji wa saa, mawe na mafundi, neno "mjenzi" lilikuwa sifa tayari. Ombi lilikubaliwa; mwaka 1599 Tycho alikuwa Prague, na mwaka 1600 Johannes Kepler, mwanahisabati Mjerumani, akajiunga naye.

Tarehe 24 Oktoba 1601 Tycho akafa, na kuanzia hapo sura yake ikawa mali ya kugombewa. Vipimo vilikuwa na Kepler, ambaye alivichukua haraka kabla warithi hawajashtuka. Haki juu ya vipimo hivyo walikuwa nayo warithi, wakiongozwa na mkwe, Franz Tengnagel. Majedwali ya mwendo wa sayari ambayo Tycho aliahidi kwa Rudolf yalitoka mwaka 1627, huko Ulm, baada ya miaka 26 ya vita, madeni na mabishano ya maneno ya utangulizi. Picha ya ufunguzi wa kitabu hicho, iliyochongwa na Georg Celer kwa mpango wa Kepler, ndiyo picha ya Tycho ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuisimamia mwenyewe.

Ni hekalu lenye nguzo. Za nyuma ni magogo yasiyochongwa, za mbele ni za mawe yaliyonyooka, na wanafalaki wamepangwa kwa enzi zao: Hipparchus, Ptolemy, kisha Copernicus ameketi na Tycho amesimama kando yake, vyombo vya Hven vimetundikwa nguzoni. Juu ya paa wanasimama miungu wa kike wa hesabu, mmoja akiwa na namba 6931472 kuzunguka kichwa, ambayo ni logi asilia ya 2 bila nukta yake, mzaha wa mwanahisabati kwa wenziwe. Na juu zaidi tai wa Kaisari anadondosha sarafu kutoka mdomoni.

Tycho ananyoosha kidole darini na kuuliza Quid si sic? Ni kidole kile cha Stjerneborg na swali lile la Stjerneborg, na dari ina mpangilio uleule wa Tycho: Dunia imetulia katikati, Jua na Mwezi vinaizunguka, sayari nyingine zinalizunguka Jua. Warithi walitaka heshima hiyo na wakapewa. Kisha shuka chini, kwenye msingi wa hekalu. Katikati kuna ramani ya Hven. Pembeni yake, ndani ya chumba kidogo chenye mshumaa, yumo Kepler ameinamia meza, sarafu chache kati ya zile za tai zimemfikia. Hazina ya Kaisari ilikuwa inadaiwa naye zaidi ya gulden 6,000. Juu yake yameandikwa majina ya vitabu vyake, na mbele yake kuna mfano mdogo wa paa la hekalu: kwa maneno mengine, paa analiezeka yeye.

Familia iliangalia nani amesimama wapi, ikaridhika. Haikuwa na sababu ya kufungua kurasa za ndani kwa kalamu mkononi. Majedwali yale hayakukokotolewa kwa mpangilio uliochorwa darini. Yalikokotolewa kwa Jua lililotulia na sayari zinazokwenda kwa njia ya duaradufu, kama Kepler alivyogundua kutoka kwa vipimo vya Tycho vya Mirihi. Tycho anauliza kwenye ukurasa wa mwanzo kama ni hivi, na kila safu ya namba iliyomo humo, iliyojengwa kwa usiku wake wa kukesha, inamjibu kwamba sivyo.